Usikate soketi: nilivyobadilisha redio ya Hilux ya 1999

Kila niliyemwambia kwamba redio ya Hilux imenichosha alinijibu hivyohivyo: kata waya, unga nyingine, nusu saa umemaliza. Ushauri huo ndio uliofanya kazi ya nusu saa inichukue siku tatu, kwa sababu fundi aliyeshika gari hili kabla yangu alikuwa ameshaufuata.

Gari ni dabokebini iliyotoka Japani na redio yake ya kaseti, ile pana ya Toyota, milimita 200 kwa 100. Haikuwa mbovu. Redio za Japani za miaka ile zinashika FM kuanzia megahezi 76 na kuishia 90, na huku kwetu stesheni zimepangwa kutoka 87.5 mpaka 108. Kwa Dar es Salaam maana yake unapata zile zilizobanana chini: Clouds 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5. Baada ya hapo ni kimya. EFM ipo 93.7 na Times 100.5, na namba kwenye kioo hazifiki huko hata ukeshe unabonyeza.

Nilianza na ekspanda. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu wauzaji hawaielezi kabisa. Ni kikopo kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Hakiongezi chochote kwenye redio. Kinachukua mawimbi yote yanayoingia na kuyashusha kwa kiasi kimoja, na kiasi hicho ndicho unachotakiwa kukijua kabla hujatoa hela. Changu kilikuwa kinashusha megahezi 18. Basi Times 100.5 nikaikuta kwenye 82.5, safi kabisa. Sasa piga hesabu ya EFM: 93.7 ukitoa 18 inabaki 75.7, na redio inaanzia 76. Stesheni niliyokuwa naitaka kuliko zote ikakosa nafasi kwa pointi tatu tu! Clouds nayo ikashuka hadi 70.5 ikapotea. Ekspanda za bei nafuu zina tatizo jingine, kwamba mawimbi yenye nguvu yanapenya bila kushushwa, yanakaa juu ya stesheni iliyoshushwa hadi namba ileile, unasikia watu wawili wanaongea kwa mpigo. Ukiamua kutumia ekspanda, tafuta namba iliyoandikwa kwenye kikopo, kaa chini na karatasi, toa namba hiyo kwenye kila stesheni unayoitaka, hakikisha jibu liko kati ya 76 na 90. Inayoshusha 14 ingenipa EFM kwenye 79.7 na Times kwenye 86.5, lakini zile tatu za chini zingepotea tu. Na moto wake uchukue kwenye waya wa ACC, ule unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu. Ukiuchukua moja kwa moja kwenye betri, kikopo kitakunywa umeme usiku kucha.

Nikaamua kubadilisha redio yenyewe. Nilinunua Kariakoo kwa laki na kitu, mpya, upana wa milimita 178. Nilikataa zile za kioo za mitumba kutoka Japani ingawa zinapendeza: FM yake ni ileile ya 76 hadi 90, menyu ni ya Kijapani, na nyingi zikishachomolewa betri zinajifunga na kudai namba ya siri. Kwa tofauti ya upana, 200 ukitoa 178, unabaki na milimita 11 kila upande, na vipande vya plastiki vya kuziba pengo hilo vinauzwa maduka ya redio kwa elfu chache. Redio inafungwa kwenye vyuma vile vya pembeni vya redio ya zamani, kwa skrubu za M5 zenye urefu wa milimita 8. Usichukue skrubu yoyote iliyo mezani. Ndefu itaingia ndani na kugusa sakiti, na redio mpya itakufa kabla haijaimba.

Nilipovuta ya zamani nikakuta kilichonikasirisha. Toyota za umri ule zina soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10, nyingine ya pini 6. Zote mbili hazikuwepo. Mtu alizikata ili afunge redio nyingine, kisha ya kiwandani ikarudishwa kwa kusokota waya na kuzungushia solatepu. Kibaya zaidi, mahali waya ulipopungua aliongezea waya mwekundu, kila mahali mwekundu, hivyo rangi za kiwandani zikawa hazionekani mpaka uchimbe ndani ya dashibodi.

Rangi hizo ni ramani. Bluu yenye mstari wa njano ni moto wa betri wa saa zote. Kijivu ni ACC. Kahawia ni ethi. Kijani ni taa ya usiku. Spika ya mbele kushoto ni waridi kwa chanya na zambarau kwa hasi, mbele kulia ni kijani mpauko na bluu. Kwenye soketi ya pini 6, nyuma kushoto ni nyeusi chanya na njano hasi, nyuma kulia ni nyekundu chanya na nyeupe hasi. Angalia mtego uliopo: nyeusi na nyekundu za Toyota ni spika, wakati nyeusi na nyekundu za redio mpya ni ethi na ACC. Anayeunga rangi kwa rangi anapeleka moto kwenye spika. Hata ukizijua rangi, pima.

Waya za moto ni rahisi. Mita ya umeme kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, ufunguo umezimwa: unaosoma 12 na ushee ni wa saa zote. Washa ACC: uliotoka sifuri ukapanda 12 ndio wenyewe. Usipopata moto wowote, kwenye Toyota nyingi wa saa zote unatumia fyuzi moja na taa ya dari, na ACC inatumia fyuzi moja na kiwashia sigara, kwa hiyo vitu hivyo viwili vitakuonyesha fyuzi iliyokufa kabla hujafungua kifuniko. Kama gari lako ni Canter, au Land Cruiser ya betri mbili, hakikisha kwanza siyo volti 24. Redio ya 12 haitavumilia.

Spika sasa. Nilibaki na waya nane nyekundu mkononi, na hapa ndipo betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, iliponifaa kuliko kifaa chochote cha gereji. Kwanza weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, na utafute jozi. Waya mbili za spika moja zitasoma kama 3 hadi 4, na waya zisizohusiana hazisomi kitu. Ukishapata jozi nne, chomoa betri ya gari, kisha gusisha jozi moja kwenye ile betri ndogo, gusa na uachie. Utasikia "tap" kutoka mlango fulani, umeshajua ni spika ipi. Halafu toa kava la spika uangalie karatasi yake wakati unagusa tena. Ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, umegeuza. Weka alama kwenye waya papo hapo, usitegemee kukumbuka. Kugeuza spika moja hakuunguzi kitu, lakini moja inavuta nyingine inasukuma, besi inakufa, na mtu anaishia kulaumu redio.

Kabla sijaunga, nilipima kila waya wa spika dhidi ya bodi ya gari. Haitakiwi kusoma chochote. Mbili za nyuma zilisoma karibu sifuri: yule fundi alizipeleka hasi zote kwenye bodi ili kuokoa waya! Redio za sasa haziruhusu hivyo. Kila spika inaendeshwa pande zote mbili, na hata hasi yake ina volti kama 6 ikilinganishwa na bodi. Ukiigusisha chuma, ampli (kikuza sauti cha ndani ya redio) inajizima baada ya sekunde chache ukiongeza sauti, au inaungua moja kwa moja, kisha unaambiwa umeuziwa feki. Nilivuta waya mpya mbili mpaka kwenye spika zenyewe. Usikubali njia ya mkato hapa.

Kuhusu soketi, nilipata kwenye gari lililokatwa, zikiwa na mikia ya waya kama sentimita 15. Nilizirudisha upande wa gari kwa rangi zake halisi, nikalehemu na kuvisha mpira unaosinyaa kwa moto, viungio nikivipisha sentimita mbili tatu ili visikae sehemu moja na kuwa fundo lisiloingia nyuma ya redio. Upande wa redio nikatumia waya wa kubadilishia, ule wenye soketi za Toyota tayari, kama elfu kumi hivi. Huo ndio wa kukata na kuunga upendavyo: njano kwa wa saa zote, nyekundu kwa ACC, nyeusi kwa ethi. Ukibadilisha njano na nyekundu, redio itasahau stesheni na saa kila ukizima gari. Ukiziunga zote kwenye wa saa zote, betri itakwisha gari likikaa siku kadhaa.

Ikaimba, kwa mluzi. Injini ikiwaka kulikuwa na sauti nyembamba inayopanda na kushuka na mafuta. Watu wakaniambia ninunue filta. Nilichomoa antena kwanza. Mluzi ulibaki, kwa hiyo hauingilii kwenye antena. Kisha nikaweka mita kati ya chuma cha redio na hasi ya betri, sauti ya redio juu, taa kubwa zimewashwa. Ilisoma volti 0.4. Ukivuka 0.2 ethi yako ni mbovu. Ethi ya kiwandani ilikuwa imeshika kutu kwenye bolti yake, nikaikwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza, ikashuka chini ya 0.05 na mluzi ukaisha. Filta ingekuwa hela ya bure.

Mambo mawili yanayosahaulika. Kwenye menyu chagua eneo la Ulaya. Ikiwa kwenye Marekani, redio inaruka pointi mbili mbili na kusimama kwenye namba witiri tu, hivyo Dar hutashtuka kwa kuwa 88.5, 93.7 na 100.5 zote zinakubali, lakini ukifika Mwanza huipati Radio Free Africa kwenye 89.8. La pili ni antena. Pima kutoka pini ya kati hadi kwenye fimbo: isome karibu sifuri. Kutoka pini ya kati hadi kava la nje: isisome kitu. Ikisoma, maji yameingia kwenye kitako na hakuna redio itakayokusaidia.

Na maandishi ya wati 50 mara 4 kwenye boksi yasikushawishi kubadilisha spika zote. Volti za gari kwenye spika ya omu 4 hazitoi zaidi ya wati 20 na kitu safi kwa kila moja. Mimi nilibadilisha ya mlango wa dereva peke yake, karatasi ilikuwa imeoza. Ya abiria ilikuwa inakatika mlango ukifunguliwa, na hiyo haikuwa spika, ni waya uliokatika ndani ya mpira wa bawaba. Ukitaka kuugundua, washa redio kisha fungua na kufunga mlango taratibu.