Umerudi Mombasa baada ya miaka? Ramani si ile uliyoiacha

Aliyeondoka Mombasa kabla ya 2017 akarudi leo atakuta mji unaingiliwa na kutokwa kwa njia nyingine kabisa. Treni ya abiria inaishia Miritini. Tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara, limeondolewa na pamewekwa daraja. Gari laweza kutoka Changamwe mpaka Diani bila kuingia kisiwani wala kupanda feri. Na bado kivuko cha Likoni asubuhi ni kilekile: watu wamejaa kwenye ngazi, magari yamepanga foleni hadi juu.

Wengi tuliorudi huuliza kwa nini vipande hivi havikuunganishwa tangu mwanzo. Wanasiasa wana majibu yao. Mimi naona jibu lililo karibu zaidi na ukweli limo katika mikataba ya fedha. Kila kipande kina mkopeshaji wake, tarehe zake na mipaka yake, na njia huishia pale mkataba ulipoishia, hata kama abiria bado hajafika.

Chukua reli. Mkopo wa SGR, reli mpya ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ulitiwa saini 2014 na benki ya Exim ya China. China ilitoa asilimia 90 ya gharama, iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 327, na Kenya ikaweka iliyobaki. Treni yake ya abiria, Madaraka Express, ilianza safari Juni 2017. Mradi ulipimwa kwa makontena ya bandarini kwanza, abiria baadaye, kwa hivyo njia ya mizigo ikapelekwa mpaka gatini na stesheni ya abiria ikabaki Miritini, nje ya kisiwa. Kipande cha mwisho mpaka mjini kiliachiwa matatu na teksi.

Kwa msafiri maana yake ni hii. Tiketi inakatwa kwa *639# na kulipwa kwa M-Pesa, na kitambulisho au pasipoti ulichokatia tiketi ndicho utakachoonyesha mlangoni. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Fika angalau saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hunuswa na mbwa kisha hupitishwa kwenye mashine, na visu vya jikoni ulivyowanunulia watu wa nyumbani vitazuiwa. Wikendi za likizo na siku za karibu na Idi na Krismasi tiketi huisha mapema mno. Kama unaelekea Kwale, Ukunda au Msambweni, usikubali dereva akuingize mjini. Kutoka Miritini unaingia moja kwa moja barabara ya Dongo Kundu, ile inayokwenda pwani ya kusini bila kupita kisiwani.

Reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta ugomvi wa makontena. Mkopo mkubwa unahitaji mapato ya uhakika, na ndiyo maana palikuwa na makubaliano kwamba Mamlaka ya Bandari itaihakikishia reli kiasi fulani cha mizigo. Malori yalipoendelea kuwa chaguo la waagizaji, serikali ikatoa agizo 2019: mizigo ya kwenda Nairobi na bara yote ipande reli. Mombasa ikaandamana. Lori moja halilishi dereva na utingo peke yao. Nyuma yake kuna gereji za Changamwe, mawakala wa forodha, mabohari, vituo vya mafuta na mama wa chakula kuanzia Mariakani mpaka Mtito Andei. Mahakama Kuu ya Mombasa ililifuta agizo hilo Novemba 2020, na Septemba 2022, mara tu baada ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kuondosha mizigo zinarudi bandarini Mombasa.

Anayesafirisha vyombo vyake vya nyumbani kutoka Ghuba au Ulaya asiyachukulie hayo kama historia. Kabla kontena halijapakiwa, soma hati ya shehena (bill of lading) mahali palipoandikwa kituo cha mwisho. Ikiandikwa Nairobi, kontena litapanda reli mpaka bandari kavu ya Embakasi, nawe unayekaa Kisauni utalipa kulirudisha. Iandikwe Mombasa. Tofautisha pia gharama mbili ambazo mawakala hupenda kuzichanganya: ada ya bandari ya kukaa kwa mzigo baada ya siku za bure, na ada ya kampuni ya meli ya kuchelewesha kontena lake. Zote hukimbia kwa siku, na kulipa moja hakuizuii nyingine. Hati za msamaha wa kodi kwa mkazi anayerudi ziwe tayari kabla meli haijatia nanga. Kwa gari, msamaha huo unataka uwe umeishi nje miaka 2 mfululizo bila kuzidisha siku 90 za kuja Kenya katika muda huo, na gari liwe lako kwa jina kwa angalau miezi 12. Wanaokwama zaidi ni wa hizo siku 90, kwa sababu mihuri ya pasipoti huhesabiwa mmoja mmoja.

Asiyepata msamaha anaichangia reli moja kwa moja. Ushuru wa maendeleo ya reli ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa inayoingia nchini. Umepanda na kushuka, na tangu mwisho wa 2024 ni asilimia 2. Gari la thamani ya shilingi milioni 1 kwa hesabu ya forodha linatoa 20,000 kwa reli, hata kama mwenyewe hatapanda treni maisha yake yote. Ushuru huohuo ndio serikali inaoupigia hesabu inapozungumzia kuipeleka reli kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba.

Dongo Kundu ni habari nyingine, na pesa yake ni ya Japani kupitia JICA, shirika lake la maendeleo. Ilijengwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza, upande wa Miritini na Kipevu, kilifunguliwa 2018. Viwili vilivyobaki vikavuka maji kwa daraja la Mwache la mita 660 hivi na la Mteza la kama kilomita 1.4, mpaka Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga. Magari yakaanza kupita njia nzima 2024. Anayekwenda Diani, au Tanga kwa kupitia Horohoro, ameondokewa na feri. Ila Kibundani iko kusini ya Likoni. Mwenye nyumba Shelly Beach, huko Likoni, anapita mbele kisha anarudi nyuma, na mchana feri ikiwa tulivu huenda ikamfaa zaidi.

Na asiye na gari je? Huyo barabara ya kilomita nyingi upande wa magharibi haimsaidii. Anayefanya kazi Kilindini na kulala Mtongwe bado ni feri, na kwa mtu wa miguu feri ni bure. Gari hulipa kwa urefu wake. Foleni huongezeka kwa sababu mbili ambazo mgeni hazioni: meli kubwa ikiingia au kutoka Kilindini feri husubiri, na kila feri lazima iende chelezoni kukaguliwa kwa zamu, hivyo siku hizo zinazobaki hubeba mzigo wa wenzake. Feri haichezewi, Mombasa haijasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Wakati wa korona serikali iliweka daraja la kuelea la Liwatoni kwa watu wa miguu, kwa shilingi bilioni 1.9. Lilijengwa haraka, lakini daraja lililolala juu ya maji kwenye mlango wa bandari lazima lifunguliwe kila meli inapotaka kupita, kwa hiyo halingeweza kuwa jibu la kudumu.

Jibu la kudumu lina jina tayari, na limekuwa likitajwa miaka: daraja la lango la Mombasa, kutoka kisiwani hadi Likoni. Japani ilitia saini mkopo wa awali wa takribani yeni bilioni 48 Desemba 2019. Ugumu wake ni urefu wa kwenda juu. Meli za makontena na za watalii zinapita chini, kwa hiyo sakafu ya daraja inatakiwa iwe karibu mita 70 juu ya maji. Kupanda mpaka huko kwa mteremko ambao lori linauweza kunahitaji barabara ndefu za kukaribia pande zote mbili, nazo zinapita juu ya viwanja vya watu, Likoni na kisiwani.

Hapo kwenye viwanja ndipo miradi mingi hukwama. Mkopeshaji wa nje kwa kawaida hulipa saruji, chuma na mhandisi. Fidia ya ardhi, kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za umeme, hayo ni mzigo wa Hazina ya Kenya. Bajeti ya nyongeza ikipunguza fungu la maendeleo, fidia haitoki. Fidia isipotoka, mkandarasi anapewa barabara ya vipande: mita mia nne hapa, halafu nyumba, halafu mita mia mbili. Mitambo ikisimama anadai gharama za kusimama, na hati yake ya malipo ikichelewa inazaa riba. Ukiona mahali lami mpya imekatika ghafla mbele ya duka na kuendelea nyuma yake, usimlaumu mkandarasi kabla hujauliza kama mwenye duka amelipwa.

Madeni ya namna hiyo yalirundikana nchi nzima. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na 2025 serikali ikaitenga shilingi 7 ya hizo kama dhamana ya kupata bilioni 175 za kuwalipa makandarasi. Ukijaza lita 40, shilingi 280 zinakwenda kwenye kazi ya jana. Uamuzi huo uliwarudisha makandarasi kazini, hilo siwezi kulikataa, lakini shilingi iliyokwisha kuahidiwa haiwezi tena kuziba shimo litakalotokea mvua ya masika ijayo.

Kwa anayerudi na nia ya kununua kiwanja, barabara ya kuangalia kwa makini ni ya Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi, inayopanuliwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika kama sehemu ya njia ya pwani mpaka Bagamoyo. Utafutaji wa hati katika ofisi ya ardhi utakuonyesha mwenye kiwanja na mkopo uliopo, si lazima ukuonyeshe hifadhi ya barabara. Chukua ramani ya upimaji, mlete mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe vigingi mwenyewe, kisha uulize ofisi ya kanda ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Hifadhi ya barabara kuu mara nyingi ni mita 60 kwa jumla, na ukuta ulio na alama ya X, yaani wa kubomolewa, si wa kujadiliana bei. Ardhi yenye hati ikitwaliwa, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza kwenye Gazeti la Serikali, hufanya kikao cha kusikiliza wenye haki, kisha hutoa thamani ya soko pamoja na asilimia 15 ya usumbufu. Nenda kwenye kikao hicho na hati, risiti za ujenzi na picha, kwa sababu kisichodaiwa pale ni vigumu kudaiwa baadaye. Aliyejenga ndani ya hifadhi halipwi ardhi. Pale mkopeshaji anapodai mpango wa kuwahamisha watu, mjenzi huyo anaweza kufikiriwa kwa jengo au biashara iliyokatizwa, ikiwa tu jina lake liliandikwa siku ya kuhesabu waathiriwa. Jengo lililoota baada ya siku hiyo halihesabiwi.