Siku moja maishani mwangu: fundi wa midi kwenye vinanda vya zamani

Midi ni lugha ambayo kompyuta na vinanda vya umeme vinaagizana noti ipi ipigwe, na kazi yangu ni kuiunganisha na vinanda vya zamani. Watu wakisikia kazi hiyo wanadhani nakaa nachomeka kebo, nabonyeza, muziki unatoka. Ngoja niwape siku moja tu, Alhamisi iliyopita, muone wenyewe.

Saa moja na nusu asubuhi nishafungua karakana. Nawasha vinanda vilivyopo viamke taratibu, nakagua kebo, najibu meseji.

Saa mbili na nusu kapiga simu dada mmoja, ana kinanda cha nyumbani cha miaka ya sabini, kaona nyuma kuna tundu la pini tano, anauliza anunue kebo gani ya midi. Nikamwambia dada, usinunue kwanza. Midi imetoka 1983, tundu lako hilo ni la kuunganishia tepu rekoda, umbo ni lilelile kabisa lakini kinachopita mle ni sauti yenyewe, wakati kebo ya midi haipitishi sauti hata kidogo, inapitisha maagizo tu: bonyeza ufunguo huu, achia ule. Swali hili naulizwa sana na silichoki kwa sababu kila nikilijibu mtu kaokoa hela yake.

Saa tatu mpaka saa tano nasafisha kontakti za funguo, pamba na spiriti, basi.

Saa tano ndo akaingia mzee. Kinanda chake alishakileta tangu Jumatatu, kina kibodi mbili, ya juu na ya chini, na pedali 13 miguuni. Magoti yake hayamruhusu tena kupiga pedali, kwa hiyo anataka faili la midi limpigie mkono wa kushoto na miguu, yeye apige wimbo kwa kibodi ya juu. Wazo zuri sana na kinanda chake kinaweza. Ila kaja amekasirika. "Fundi, hiki kinanda kimekufa, kila nikiweka faili kinanguruma!"

Nikachomeka, nikasikiliza. Kweli kinanguruma: kuna do ya chini inagonga, re inaifuata, na fa kali inatwanga bila kupumzika. Kwa namba za midi ni noti 36, 38 na 42. Mtu wa kazi hii akisikia hizo tatu anajua palepale, ni ngoma ya mguu, snea (ile ngoma ya kupigwa kwa fimbo) na visahani. Faili lake limetengenezwa kwa General MIDI, mpangilio wa pamoja wa sauti wa 1991, ambao ngoma zinakaa chaneli 10 (chaneli ni kama njia, kila chombo kinapita yake), sasa kinanda chake hakiujui huo mpangilio, na kibodi ya chini ilikuwa imewekwa isikilize chaneli zote, basi kila pigo la ngoma linabonyeza ufunguo. Kinanda kizima, hakina ugonjwa.

Mzee hakubali. "Mbona kwenye simu ya mjukuu wangu linalia vizuri?" Nikamwambia mzee wangu, simu ina sauti 128 na seti ya ngoma ndani yake, faili likisema gitaa inatoa gitaa, likisema fidla inatoa fidla, kinanda chako kina kibodi mbili na pedali tu, lazima mtu akae agawe nani apige wapi. "Si unachomeka tu?" Nikaeleza tena. Akakaa pembeni, kila baada ya dakika kumi, "Bado?" Namheshimu, ni mtu mzima na anakipenda kinanda chake, ila kuulizwa bado wakati unahesabu noti moja moja kunachosha kuliko noti zenyewe. Saa saba hivi akaondoka, akaanza kupiga simu.

Hapo ndo kazi ilipoanza. Ngoma nikazifuta zote. Zile amri za kubadili sauti nikazifuta pia, maana faili linaposema "weka piano" kinanda kinasoma namba tu na kuruka kwenye sauti yake nyingine kabisa. Besi nikaipeleka pedali, nikakuta kuna sehemu besi inapiga noti mbili pamoja na pedali zake zinatoa moja tu kwa wakati, nikachagua ipi ibaki. Nyingine zilikuwa nje ya zile funguo 13, nikazipandisha oktava.

Halafu urefu wa noti. Piano ukiishikilia noti inafifia yenyewe, kwenye kinanda hiki haififii, noti inaendelea na nguvu ileile mpaka uachie. Tena hakijui kugusa kwa upole, noti aliyoipiga mpiga piano kwa kuinong'oneza tu inatoka kubwa sawa na zote. Kwa hiyo nafupisha, nafuta vinoti vidogo vya mapambo, nasikiliza, narudia. Wimbo wa dakika nne.

Saa kumi nikadhani nimemaliza. Kusikiliza, chodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inakatika katikati, inatoboka kama kitambaa, mara hapa mara pale. Nikabadilisha kebo. Nikashusha mwendo nikidhani data inasongamana, midi inapita biti 31,250 kwa sekunde na noti moja inakula karibu milisekunde moja, lakini wapi, palepale inakatika. Nikafungua nyuma nikapima. Simu inaita, "Fundi, bado?" Jua likazama sijui saa ngapi, nikawa nasoma orodha ya noti mstari kwa mstari macho yanauma, ndo nikaiona: gitaa na fidla nimeziweka zote kibodi ya chini, na kuna mahali zinapiga noti ileile, gitaa likiachia mapema linaiua na noti ya fidla. Ufunguo ni mmoja, hauwezi kubonyezwa na watu wawili! Nikapita wimbo mzima nafuta zilizorudiana. Kama sitini hivi.

Mzee alirudi giza limeshaingia, hakusema bado, alikaa tu kwenye benchi. Mara ya kwanza faili likamwacha kwa sababu linaanza papo hapo nikibonyeza. Nikaongeza vipimo viwili vya muziki mwanzoni, pedali peke yake inagonga kumhesabia, aweke vidole. Tukaanza upya. Pedali zikatembea, kibodi ya chini ikajaza, na yeye juu akaingia mahali penyewe.

Nikamwandikia kwenye karatasi: kebo itoke tundu la OUT la kompyuta iende tundu la IN la kinanda, chaneli usiguse. Akaikunja akaweka mfukoni, akasema, "Turudie, kijana wangu." Tulirudia mara tatu.