Nyuma ya kondoo wekundu, Bissil

Nilishuka Bissil, mji mdogo wa Kajiado, Kenya, mwezi wa Oktoba, vumbi la barabara ya Namanga likiwa limeshanibadilisha rangi. Kutoka hapo ni pikipiki, mawe na migunga mitupu, hadi bomani kwa mzee aliyekubali nifuatane na kondoo wake siku nzima. "Sopa!" nikajaribu salamu ya Kimaasai. "Ipa," akajibu, akavitazama viatu vyangu vya mjini akacheka.

Hakuwahesabu walipotoka. Alisimama kando ya lango la miba wakipita, akajua wametimia.

Kundi lilikuwa la rangi mbili: Dorper weupe wenye vichwa vyeusi, na wale wekundu wa Kimaasai, wenye mkia wa mafuta. Dorper walikuwa wengi zaidi. "Huyu ananenepa upesi, mnunuzi anamtaka," mzee akaniambia. "Lakini mvua ikichelewa, wa kwanza kulala chini ni yeye." Saa 6 mchana niliyaona mwenyewe: weupe wamejibana kwenye kivuli cha mgunga, wekundu bado wanachokora maganda ya mbegu juani. Minyoo ya tumbo nayo huwasumbua wekundu kidogo tu.

Kichwa kile cheusi kina safari ndefu kuliko yangu. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo ambao huko waliitwa wa Kiajemi. Uajemi wapi! Asili yao ni Usomali. Wamezunguka hadi kusini kabisa ya Afrika, wakarudi kwa majirani na bei juu.

Kilichonishangaza ni madume. Kila mmoja alining'inizwa kipande cha ngozi tumboni, kimefungwa kwa kamba mgongoni, asiweze kupanda. Mimba ya kondoo ni miezi 5, na mzee anataka watoto wazaliwe majani ya masika yakiwa yameota, mama wawe na maziwa. Basi anahesabu kurudi nyuma.

Jioni, tukiwa bomani, mjukuu wake alimshika dume la Dorper, kubwa, zuri, tayari kufunguliwa.

"Liache hilo, litaenda sokoni," mzee akasema. Akamvuta mwekundu mmoja mzee, sikio limechanika, akaanza kulegeza fundo la kamba kwa meno.