Nimempenda adui

Jamani, ndiyo kwanza natoka mezani, moyo bado unanidunda.

Leo hapa Toronto tumecheza Thirsty Sword Lesbians, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, uliotoka 2021 ukabeba Nebula, tuzo ya kazi za sayansi ya kubuni na fantasia. Wanawake wenye panga wanaopendana, na dadu mbili za kuamua.

Nilimbana adui yangu ukingoni mwa daraja. Nikarusha: sita na nne. Kumi! Kazi kwisha.

Nikajikuta nasema, “Nimempenda.”

Sheria inakutaka useme kwa nini, kisha umpe “uzi” wa kukuvuta nao, yaani nguvu ya kukushawishi.

Nikasema: anacheka akishindwa.

Aliyemwigiza akachukua kikaratasi cha uzi, akakikunja taratibu, akakitia mfuko wa shati. Kimya! Kisha meza nzima vigelegele.

Nyie je, mshapendana na adui mezani? Leteni stori.