Dizeli ya Oklahoma katika Baridi ya Dakota

Tangu msimu wangu wa kwanza wa theluji, lori langu halijakwama tena kwa sababu ya baridi, na mwezi Aprili nimemaliza msimu wa nne. Ninajivunia jambo hilo, kwa sababu nilihamia Minnesota, Marekani, baada ya kuendesha malori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa miaka tisa, nikiamini kwamba kilichobaki kujifunza ni kuvaa koti zito.

Ushauri ulioniponza ulitoka kwa dereva mwenzangu aliyenizidi umri, ambaye ninamheshimu hadi leo. "Mdogo wangu," aliniambia, "injini ikiwa inanguruma dizeli haigandi. Usipoteze fedha kununua dawa." Alieleza kwamba dizeli inayorudi kutoka kwenye injini huwa ya moto na hulipasha joto tangi. Ni kweli kwamba hurudi na joto, lakini tangi la alumini linalopigwa na upepo wa Januari usiku kucha hulipoteza joto hilo upesi. Nilijaza matangi yote mawili karibu na Oklahoma City, kusini, ambako bei ilikuwa nafuu, nikashika barabara kuu ya I-35 hadi Kansas City, kisha I-29 kuelekea Fargo, Dakota Kaskazini.

Nilipoipita Sioux Falls baridi ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri, na zaidi ya nusu ya dizeli ya Oklahoma ilikuwa bado imo matangini. Kabla sijafika Watertown lori lilianza kukosa nguvu kwenye barabara tambarare, kana kwamba linapanda mlima wa Kitonga na mzigo uliozidi, nikaliweka pembeni likazimika. Nilimimina tangini chupa ya dawa niliyokuwa nimepewa na kuidharau, kisha nikafungua filta. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe mzito, kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya Julai kule Iringa. Hiyo ni nta, ambayo imo katika dizeli siku zote, lakini baridi ikizidi hujitenga na kuziba filta. Nilifunga filta mpya, nikaijaza dizeli ileile, injini ikawaka, nikamshukuru Mungu, na baada ya dakika nne ikazimika tena.

Fundi aliyekuja alfajiri alinieleza kwamba dawa niliyomimina ni ya kuzuia, nayo haina kazi tena dizeli ikishaganda. Yeye alitumia dawa ya kuyeyusha, akaitia katika matangi yote mawili na kuijaza ndani ya filta mpya kabla ya kuifunga, tukasubiri, na lori likaondoka. Pamoja na siku niliyoipoteza, safari hiyo ilinila kama dola elfu moja, ilhali chupa ya kuzuia haizidi bei ya chakula cha mchana. Siku hizi ninaingia kaskazini matangi yakiwa karibu matupu, ili nijaze dizeli namba 2, ile ya kawaida, iliyochanganywa na namba 1, isiyoganda upesi, kwa ajili ya baridi ya huko. Dawa huitangulia dizeli tangini, ili ijichanganye yenyewe wakati wa kujaza, na filta mbili za akiba hazitoki ndani ya kichwa cha lori.

Breki za upepo zilinifundisha adabu ya pili. Upepo unaosukumwa mitungini una unyevu, na unyevu huo hugeuka barafu kwenye vali, kwa hiyo ninabadilisha kikaushio cha upepo kila mwanzo wa msimu na kumwaga maji ya mitungi kila siku. Msimsikilize anayewaambia mmimine spiriti kwenye mabomba, kwani hula mipira iliyomo ndani. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kule Kitonga tuliogopa breki kuungua, na huku breki yenye moto ndiyo inayoganda: theluji iliyorukia dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, huyeyuka, nawe ukifunga breki papo hapo, shuu inayoibana dramu hunata hapo hadi asubuhi. Kwa hiyo katika kilomita ya mwisho ninakanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke. Nikiegesha mahali tambarare ninaweka vizuizi vya magurudumu, ninafunga breki za kichwa na kuziacha za tela zipoe kwanza. Asubuhi ninasogea kama mita moja nikitazama kwenye kioo kama kila gurudumu la tela linazunguka, kwa sababu tairi linaloburutwa juu ya barafu halipigi kelele, na unaweza kulimaliza upande mmoja bila kujua. Lililonata ninaligongea shuu kwa nyundo, vizuizi vikiwa mahali pake.

Minyororo ya matairi, ile ya kuzuia utelezi kwenye theluji, ifungeni nyumbani kwanza, mchana, mkiwa na glovu. Jimbo la Colorado linayataka malori yaibebe kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, na penye mwinuko gizani si mahali pa kuanza kujifunza.

Sasa ni Septemba. Maji ya rejeta nimeyapima, nusu kwa nusu na dawa yake, yanayostahimili hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Kati ya betri nne, moja imeshindwa jaribio la mzigo wa umeme, na Jumamosi ninabadilisha zote nne.