Swali la kumi na moja

Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali kwetu. Sala zilipokwisha na chai imeshamiminwa, mzee mmoja akasema huku akipuliza kikombe: "Siku hizi Kanisa nalo linatoa talaka, ila wameipa jina lingine tusishtuke." Watu wakacheka. Mke wangu akaniangalia. Nikainamia sahani ya maandazi kama mtu anayeyahesabu.

Sikumjibu, maana jibu langu ni refu na lina aibu yangu ndani. Nalitoa hapa. Majina sitaji, mji sitaji, na mwenye shauri nilipomwomba ruhusa alisema, "Andika kaka, ila usinifanye nionekane mjinga."

Mwaka 2009 mimi na mke wangu tulisimamia ndoa. Bwana harusi nilikuwa nafanya naye kazi kwenye malori, mimi stoo ya spea, yeye dereva wa njia ya Tunduma. Usiku wa kuamkia harusi alilala kwetu. Ilikuwa Ijumaa, kama saa nne, umeme umekatika, mke wangu ndani anahangaika na pasi ya mkaa kwenye shati jeupe. Sisi tuko barazani tunajaribu viatu vyake vipya, cha kushoto kinambana kidole kidogo. Akaniambia, bila kupandisha sauti: "Kaka, harusi hii ni ya baba yangu. Mke wangu yuko Tunduma na mtoto wangu. Kesho namfungia mzee ndoa yake, halafu narudi kwangu."

Nikamwambia anywe maji alale.

Nilidhani ni woga. Mimi mwenyewe usiku wangu nusura nipande basi nikimbilie kwa mjomba. Halafu ukumbi ulishalipiwa, ng'ombe alishachinjwa, na mweka hazina wa kamati nilikuwa mimi. Matangazo yalisomwa Jumapili tatu, anayejua kizuizi aseme, na hakuna aliyefungua mdomo. Paroko aliwahoji wachumba mmoja mmoja kama inavyotakiwa, kila mtu akaulizwa kama anaingia kwa hiari yake. Lakini baba wa bwana harusi, katekista wa miaka mingi, mtu ambaye hata sisi wengine tulikuwa tunamvulia kofia, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango uleule. Ungejibu nini?

Asubuhi bwana harusi akatamka "ndiyo" ikasikika mpaka kwa wapiga ngoma wa kwaya. Nikasaini kitabuni.

Miaka minne mbele sitaichosha sana. Nyumbani alionekana siku tatu, nne kwa mwezi. Wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 2013 akahamia Tunduma moja kwa moja, hata mabegi akaja kuchukua mdogo wake. Bibi harusi (nimemzoea kwa jina hilo) akabaki na mtoto, na marejesho ya mkopo wa kitanda.

Halafu akaacha kukomunika. Mama mmoja wa kwaya alimwambia mwanamke aliyeachika hapokei Komunyo, naye akaamini, akawa anakaa benchi la nyuma. Hili linaniudhi mpaka leo, kwa sababu si kweli na halijawahi kuwa kweli. Mtu aliyeachwa, akabaki kama alivyo bila kuoa wala kuolewa tena, hana kizuizi kwa sababu hiyo. Hata akienda mahakamani kudai talaka ya serikali ili apate haki zake na matunzo ya mtoto, Katekisimu namba 2383 inasema hilo laweza kuvumiliwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Na anayepigwa, anayehatarishwa yeye au watoto, sheria ya Kanisa inamruhusu kuondoka akaishi mbali. Ni kanuni ya 1153. Sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye semina yoyote ya ndoa, na nimehudhuria nyingi, nyingine nikiwa mpishi.

Alipoelewa hilo akaenda baraza la usuluhishi la kata, kisha mahakama, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mwaka 2016 akapata talaka. Kwa serikali, ndoa imevunjika. Kwa Kanisa, hakuna kilichovunjika: ndoa halali ya wabatizwa wawili, wakishaishi kama mume na mke, hakuna mkono wa binadamu unaoifungua. Si askofu, si Papa. Kifo tu. Mzee wangu wa Jumamosi hapo ndipo anapochanganya. Kinachoweza kufanyika ni kurudi nyuma na kuuliza: siku ile pale altareni, ndoa ilifungwa kweli, au ulifungwa ukumbi tu?

Mwaka 2018 bibi harusi akaandika barua ya kuuliza hilo kwa mahakama ya Kanisa jimboni. Mwaka uliofuata nikaletewa wito wa shahidi.

Nilivaa suti ileile ya usimamizi. Haikufunga tumboni. Chumba kilikuwa na feni moja, meza, Biblia, padri aliyesomea sheria za Kanisa, na sista aliyekuwa notari, yaani mwandishi wa mahakama, mbele yake kompyuta. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Bibi harusi hakuwemo, shahidi anahojiwa peke yake. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikaapa kusema kweli.

Nilikuwa nimejiandaa kumwanika yule bwana: jinsi alivyomtelekeza mtoto, jinsi alivyomwachia mwenzake madeni. Nikaanza. Padri akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Hayo tumeyapokea, baba. Lakini mtu anaweza kufunga ndoa ya kweli kisha akaiharibu. Turudi kabla ya Jumamosi ile."

Akatoa karatasi nyingine. Akanieleza kwamba maswali yaliyomo yameletwa na mtetezi wa kifungo cha ndoa. Sikuwahi kujua kuna mtu wa namna hiyo. Ni ofisa wa mahakama ambaye kazi yake katika shauri ni kutafuta kila hoja ya halali inayoweza kuonyesha kwamba ndoa ipo. Papa Benedikto wa 14 ndiye aliyeiweka kazi hiyo mwaka 1741, baada ya kuona mashauri yanapita kirahisi mno, mume na mke wakikubaliana na hakuna anayeisemea ndoa yenyewe. Sheria inaanza kwa kuipa ndoa upendeleo, na maneno ya mdomoni yanachukuliwa kuwa ndiyo ya moyoni. Anayesema vingine athibitishe.

Nimesikia "kutetea ndoa" maisha yangu yote, na karibu kila mara maana yake ilikuwa mwanamke fulani kaitwa kikao akaambiwa avumilie. Huyu mtetezi, ambaye hata sura yake sikuiona, alikuwa na maswali kumi na saba na hakumwambia mtu avumilie. Je, bwana harusi alikuwa amekunywa? Hapana. Alikuwa mtu wa mizaha? Ndiyo, lakini si usiku ule. Alisema "narudi kwangu" au "natamani kurudi"? Nikafunga macho kukumbuka. Narudi. Alimwambia mtu mwingine? Dada yake. Alionyesha mapenzi kwa mkewe baada ya harusi? Alimnunulia cherehani. Niliona vibaya kulisema hilo, kama namwangusha bibi harusi, lakini nilikuwa nimeapa.

Swali la kumi na moja: "Kama uliyasikia maneno hayo Ijumaa, kwa nini Jumamosi ulisaini?"

Feni ikazunguka. Nikasema, "Ng'ombe alishachinjwa."

Sista akaacha kuandika. Akaniangalia juu ya miwani. "Niandike hivyohivyo?"

"Andika hivyohivyo."

Mwisho wakanisomea yote niliyosema, wakaniambia nina haki ya kurekebisha, kuongeza au kufuta. Tuliposoma la kumi na moja padri akatua kidogo. Nikamwambia aendelee. Nikasaini, kwa jina lilelile nililosaini mwaka 2009, mkono uleule.

Bwana harusi naye alihojiwa hukohuko aliko na hakuficha kitu. Hukumu ikatoka mwaka 2020: imethibitika kuwa ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa mmoja wao alitamka maneno huku kwa makusudi ameikataa ndoa yenyewe. Ndiyo kanuni ya 1101. Zamani ingebidi mahakama ya pili nayo iseme hivyohivyo, lakini Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo, na tangu Desemba 8, 2015 hukumu moja inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Bwana harusi akawekewa zuio: asioe kanisani mpaka apate ruhusa.

Na mtoto? Najua mzee wangu atauliza, wote huuliza. Mtoto ni halali. Kanuni ya 1137 inawahesabu kuwa halali hata wa ndoa iliyodhaniwa kuwa ndoa, na hukumu haimgusi. Mwaka jana alipata Kipaimara. Ana miguu ya baba yake.

Hukumu ilipokuwa bado, wadaiwa na wadai huruhusiwa kusoma ushahidi. Kwa hiyo bibi harusi alisoma wangu. Alikuja dukani, siku hizi nina duka langu la spea za pikipiki, akakaa juu ya kasha la oili akangoja wateja waishe.

"Kaka, nimesoma."

Nikaokota tambara nikaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Nilikuwa saluni mpaka saa sita usiku ile Ijumaa," akasema. "Ungemtuma hata bodaboda. Ningevunja nywele zangu nikaenda kulala." Akanyamaza. "Miaka yote najiuliza nilimkosea nini. Najiuliza chakula, najiuliza mwili wangu. Kumbe hata hakuwa amekuja."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliuliza bei ya cheni ya pikipiki ya mdogo wake, akalipa, akadai chenji yake yote.

Mwaka huu Februari kadi ya mchango imefika nyumbani. Anaolewa kanisani na mwalimu mmoja mjane. Singo elfu sabini, dabo laki moja. Usimamizi wamepewa watu wengine. Mke wangu alisoma kadi mara mbili, akaiweka juu ya friji. Nikatuma dabo jioni hiyohiyo.