Daftari Langu Lilifungwa Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza ya masomo ya muziki wa Karnatiki, muziki wa kale wa India ya Kusini, nilikwenda na daftari jipya, kalamu mbili na kiburi cha miaka kumi na tisa ya kuimba alto kanisani. Solfa, zile do, re, mi za kwaya, naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Nikaketi kwenye mkeka, ghorofa ya tatu, Parklands, Nairobi, mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta huko jikoni. Mwalimu wangu Amma (ndivyo wanafunzi wake wote wanavyomwita, kwa Kitamil ni mama) akalitazama daftari. "Hiyo ya nini?" Nikasema ni ya kuandika masomo. "Funga. Kwanza masikio."

Imepita miaka miwili. Daftari lile sasa lina hesabu za chama.

Niliingia katika muziki huu kwa sababu ya mapaja ya wazee. Nafanya hesabu za duka moja la viungo Ngara, na mwenye duka alibakiwa na tiketi ya onyesho la fidla. Mpiga fidla aliketi sakafuni, kichwa cha fidla kimeegemea mguu wake. Lakini mimi niliwatazama wasikilizaji. Wazee wa safu ya mbele walikuwa wakipiga mapaja, wanahesabu vidole, wanageuza viganja, wote kwa pamoja, na hakuna aliyesimama mbele kuwaongoza. Kwaya yetu haijawahi kuanza pamoja hata mara moja, na tuna mwalimu mwenye fimbo! Nikataka kujua wanahesabu nini.

Walikuwa wanahesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo ya wimbo. Ile ya kawaida, Adi, ina mapigo manane: kiganja kwenye paja, kisha kidole kidogo, cha pete, cha kati. Hayo manne. Halafu piga, geuza kiganja juu, piga, geuza. Manane. Mazoezi yangu mengi ya tala nimeyafanyia kwenye matatu, kwa sababu foleni ya asubuhi haina kazi nyingine. Kuna konda aliyenikazia macho mpaka Globe, kisha akashindwa kuvumilia: "Mathee, si nilikurudishia change yako?"

Kuimba kulikuwa habari nyingine. Wiki tatu nzima niliimba Sa peke yake, yaani "do" ya kwao, ingawa si "do" ya kwaya inayohama kila wimbo kufuata sauti anayotoa mwalimu. Hapa Sa inatafutwa pale koo lako linapotulia, ikishapatikana inakuwa yako. Nyuma yake kuna mvumo usiokatika wa tambura, ala ya nyuzi: nyuzi nne, Pa ("so" yao), Sa, Sa, na Sa ya chini. Tambura halisi ya Amma imesimama kwenye kona na kila uzi umewekewa kijiuzi cha pamba pale unapolala juu ya daraja, ili sauti ivume kama nyuki. Kwa mazoezi ya nyumbani ninatumia programu ya simu. Stima ikipotea, simu inaendelea. Mtu akinipigia, Sa yangu inakufa katikati ya pumzi.

Wiki ya kwanza mvumo ule niliusikia kama friji. Wiki ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, kabla mtoto wa jirani hajaanza kulilia shule, nikasikia Ga, "mi" yao. Nilifikiri ni redio ya mtu. Nikaenda dirishani. Nikazima simu, Ga ikapotea. Nikawasha, ikarudi, nyembamba, iko juu kabisa ya mvumo, ilhali hakuna uzi hata mmoja uliokazwa kwa sauti ya Ga. Nilipomweleza Amma alicheka hadi akafuta macho. Uzi ukitikisika, akasema, hautoi sauti moja. Juu ya ile kubwa kuna ndogo ndogo, na Ga ni mmojawapo wa watoto wa Sa. "Ilikuwepo siku zote. Wewe ndiye umefika leo."

Siku hiyo ndiyo aliyonifungulia ngazi ya kwanza. Wanaoanza wote hupitia raga (mpangilio wa noti) iitwayo Mayamalavagowla, utaratibu ambao mapokeo yanampa Purandara Dasa, mtunzi wa nyimbo aliyefariki mwaka 1564. Sa Ri Ga Ma Pa Da Ni Sa, kupanda na kushuka, silabi nane kwa mapigo manane. Kisha unaongeza kasi: mkono haubadili mwendo, lakini kila pigo linabeba silabi mbili, halafu nne. Hapo kwenye nne ulimi wangu bado huteleza.

Shida yangu haikuwa kasi, ilikuwa Ri. Ri ya raga hiyo imekaa karibu sana na Sa, nusu hatua tu, kisha kuna mruko mpana hadi Ga. Mdomo wangu wa solfa ulikuwa ukienda "do, re" wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Amma hakunisahihisha. Alirudia tu, na mimi nikakosea, akarudia. Kilichoniokoa ni marehemu mjomba wangu wa Mombasa. Mruko ule niliujua! Ulikuwa kwenye kanda zake za taarab, zile za fidla za mtindo wa Misri, alizocheza kila Ijumaa jioni akinywa kahawa chungu. Nikaimba nikimfikiria yeye. Amma akatikisa kichwa upande upande, na mimi kwa ujinga nikadhani amekataa.

Mwaka huu ameniongezea kazi isiyo ya kuimba. Kila juma napewa rekodi moja. Ya kwanza ilikuwa ya M. S. Subbulakshmi, yule aliyeimba Umoja wa Mataifa mwaka 1966, katika raga Todi, na agizo lilikuwa moja: sikiliza Ga tu. Nikavunja sheria, nikachukua bahasha ya benki nikajaribu kuiandika Ga ile kwa solfa. Bahasha ilijaa. Noti haikai! Inapanda, inagusa jirani, inashuka, inarudi, na bado ni noti moja yenye jina moja. Mtikiso huo unaitwa gamaka, na miaka yote kumi na tisa mimi nilikuwa nikifundishwa kuuondoa.

Jumapili iliyopita kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili, altoni tumeshika noti ndefu. Mwalimu akashusha fimbo, wimbo ukasimama, kinanda kikanyamaza.

"Alto. Nani anatikisa?"

Sikuinua mkono.